Kuizuia Nafsi Kabla ya Saa Yake: Mwongozo kwa Mwislamu Anayepambana na Matamanio

Mwislamu anayeswali swala zake tano, anayefunga Ramadhani na kujitahidi kula halali hushangaa, na pengine huona haya hata kuuliza, kwa nini moyo wake bado unavutwa na mambo anayoyajua wazi kuwa ni haramu. Jambo la kwanza la kumtuliza ni kwamba kuvutwa peke yake si dhambi. Katika Sura Yusuf tunasoma kwamba nafsi ni yenye kuamrisha mno maovu, isipokuwa ile aliyoirehemu Mola. Na katika sura hiyo hiyo Nabii Yusuf, amani imshukie, anamwomba Mola wake amwepushe na vitimbi vya wale wanawake, akikiri kwamba asipoepushwa ataelemea kwao. Ikiwa Nabii hakuitegemea nguvu yake mwenyewe, sisi hatuna sababu ya kuitegemea yetu. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya neno moja, nalo ni kwamba matamanio hayashindwi kwa ushujaa wa dakika ya mwisho, bali kwa matayarisho yanayofanywa mapema, wakati nafsi imetulia na akili ni nzima.

Njia ambayo dhambi hupitia

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa Pwani, wameyapanga mambo yanayopita moyoni katika daraja tano. Ya kwanza ni hajis, fikira inayotupwa moyoni bila mtu kuitaka. Ya pili ni khatir, fikira hiyo inapokaa kidogo. Ya tatu ni hadithun-nafs, yaani mtu anapoanza kusemezana na nafsi yake, afanye au asifanye. Ya nne ni hamm, moyo unapoelemea upande wa kufanya, na ya tano ni azma, nia iliyokwisha kukatwa. Wengi wa wanazuoni hao wanasema kwamba mja huandikiwa dhambi moyoni mwake anapofika kwenye azma, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zinawasemesha, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Amefahamisha pia, katika hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kukusudia ovu kisha akaliacha huandikiwa jema kamili. Kwa hiyo yule kijana anayejiona najisi kwa sababu tu wazo limempitia ajue kwamba, akiliacha kwa ajili ya Mola wake, daftari lake limezidi kheri na wala halikupungua.

Kazi yote iko kwenye daraja ya tatu. Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa maasia ni yale mazungumzo ya chini kwa chini ambamo nafsi huleta hoja zake: ni leo tu, Ramadhani i karibu nitatubu, kila mtu anafanya, hakuna anayeniona. Kosa la wengi ni kujibizana nayo, kwa maana wanadhani watashinda kwa hoja, ilhali kila dakika ya kujibizana ni dakika moja zaidi ya kulitazama lile jambo na kulipamba. Usijibizane. Tamka audhu, kama Qurani inavyoamrisha tunapochokozwa na shetani, kisha ufanye kitendo cha mwili: inuka ulipokaa, ondoka chumbani, tia udhu, nenda dukani, mpigie simu mama yako umjulie hali. Kitendo hukata mazungumzo hayo upesi kuliko fikira nyingine yoyote.

Ijue saa yako

Kila mtu ana saa yake, na asiyeijua atapigwa kila mara pahali pale pale. Wako vijana ambao mchana kutwa ni watu wema, lakini baada ya isha, mlango ukifungwa na simu ikiwa mkononi, hawajiwezi. Yuko mfanyakazi wa bandarini ambaye balaa lake ni siku ya mshahara. Yuko makanga ambaye, gari likiwa limesimama Buxton, hapa Mombasa, linangoja abiria, mkono wake huenda wenyewe kwenye mfuko wa muguka, yale majani ya kutafuna yaliyo jamii ya miraa. Yuko mke wa mtu ambaye alianza kujibu ujumbe wa mfanyakazi mwenzake kwa heshima tu, na sasa anajikuta akizificha simu zake. Hakuna dawa moja itakayowafaa wote hawa, na ndiyo sababu mawaidha ya jumla ya msikitini, pamoja na baraka zake, hayatoshi peke yake.

Chukua muda wa wiki moja ujichunguze. Kila matamanio yanapokujia, angalia ni saa ngapi, uko wapi, uko na nani, na ni hali gani iliyotangulia: uchovu, upweke, ugomvi nyumbani, njaa, au kukosa kazi ya kufanya. Huna haja ya kuandika dhambi zenyewe, kwa kuwa aibu ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri haifai kuwekewa maandishi. Kinachotakiwa ni saa na mahali. Wiki ikiisha utaona kwamba adui uliyemdhania yuko kila upande anakuja kwa njia mbili au tatu tu.

Kuziba njia

Mwenyezi Mungu hakusema tu kwamba zinaa ni haramu. Katika Sura Al-Isra amesema msiikaribie. Maana yake ni kwamba zile njia zinazoelekea huko zina hukumu yake pia, na mtu mwenye busara huweka mpaka wake mbali na ukingo.

Anza na simu, kwa kuwa siku hizi ndiyo faragha kubwa kuliko zote. Aliye na udhaifu wa kutazama picha za uchafu asilale na simu chumbani. Aiache sebuleni ikichaji, anunue saa ndogo ya mezani ya kumwamsha alfajiri, na aifute ile programu ambayo anajua humpeleka huko, hata kama ina manufaa mengine. Ujumbe wa mtu asiye maharimu usijibiwe usiku, na ukijibiwa mchana uwe wa kazi na uishie kwenye kazi. Mtume amekataza mwanamume na mwanamke ajinabi kukaa faraghani, na mimi siioni tofauti kubwa kati ya chumba kilichofungwa na mazungumzo ya saa sita za usiku ambayo hakuna mtu wa tatu anayeyasoma.

Kuhusu macho, Jarir bin Abdullah alimwuliza Mtume juu ya mtazamo wa ghafla, naye akamwamrisha ayageuze macho yake. Mtazamo wa kwanza usioukusudia hauna lawama. Wa pili ndio unaohesabiwa. Katika mji huu mtu hawezi kutembea amefumba macho, na feri ya Likoni saa za kwenda kazini ina msongamano ambao hauna budi. Lakini mtu anaweza kuchagua. Anayetaka kufanya mazoezi ufukweni Nyali au Bamburi anaweza kwenda baada ya alfajiri badala ya Jumapili alasiri, na kijana anayejua kwamba kupita Mtwapa usiku kunamharibia moyo hana haja ya kutafuta sababu ya kupita huko. Nimekaa katika baraza nyingi ambamo wanaume hulalamika kwa kirefu kuhusu mavazi ya wanawake, nami ningependa wakumbuke kwamba katika Sura An-Nur aya ya kuinamisha macho inaanza na wanaume waumini, aya ya 30, na ndipo inapofuata ile ya wanawake.

Kamari inataka kuzibwa kwa njia ya fedha yenyewe. Qurani imeitaja pamoja na ulevi katika Sura Al-Maida na kuziita hizo ni uchafu katika kazi za shetani, na leo imeingia ndani ya simu ile ile tunayolipia kodi ya nyumba. Siku mshahara unapoingia, kabla hujatoka kazini, lipa kodi, lipa karo, lipa duka unalodaiwa, na kinachobaki mkabidhi mke, mama au ndugu unayemwamini akupe kidogo kidogo. Kufanya hivyo si kujidhalilisha. Ni mtu mwenye kuijua nafsi yake ndiye anayeweza kuikubali hatua hiyo. Ifute akaunti na usibakishe hata salio dogo, kwa kuwa salio dogo ndilo linalomrudisha mtu.

Juu ya muguka nitasema kidogo. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwake, na baada ya muda mfupi mahakama ikasimamisha amri hiyo. Hatuwezi kungoja kaunti wala mahakama ituamulie. Hata anayeshikilia kwamba hukumu ya majani hayo ina khitilafu hawezi kuyakana yanayofuatana nayo: kukesha, swala ya alfajiri kupita, matumizi ya nyumbani kupungua, na baraza ambayo maneno yake hayana kheri.

Baraza, marafiki na darsa

Mtume amesema kwamba mtu huwa katika dini ya rafiki yake, basi kila mmoja aangalie anafanya urafiki na nani. Katika hadithi ya yule mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akamkamilisha wa mia, mwanachuoni aliyemfungulia mlango wa toba hakuishia kumwambia kwamba toba yake inakubalika. Alimwamrisha auhame mji wake, kwa kuwa ulikuwa mji mbaya, aende kwa watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu ili aabudu pamoja nao. Fikira hiyo ina faida kubwa: mwanachuoni alijua kwamba moyo uliojuta, ukirudi kwenye maskani ile ile, utarudi pia kwenye matendo yale yale.

Sisi hatulazimiki kuhama Mombasa. Anayekaa Majengo na ambaye baraza yake imekuwa mahali pa kutafuna na kusengenya anaweza kuiacha bila kugombana na mtu. Apite, atoe salamu, aulize hali za wazee wa wenzake, asikae. Baada ya muda wataacha kumwita. Ugumu uko kwenye ile nafasi iliyobaki wazi, kwa kuwa mtu aliyezoea watu hawezi kukaa peke yake, na upweke nao una dhambi zake. Kwa bahati njema mji wetu una neema ambayo miji mingi haina: kati ya maghribi na isha, ambayo hapa kwetu ni kiasi cha saa moja na ushei, misikiti mingi huwa na darsa za fiqhi, tafsiri au hadithi. Chagua msikiti mmoja na darsa moja ushikamane nayo. Elimu utakayoipata ni kubwa, lakini hata kabla ya elimu utapata watu wanaokujua kwa jina na watakaouliza uko wapi usipoonekana.

Saumu

Dawa aliyoitaja Mtume mwenyewe kwa vijana wasioweza kuoa ni saumu. Katika hadithi ya Ibn Masud amewaambia vijana kwamba mwenye uwezo aoe, kwa kuwa kuoa kunainamisha zaidi macho na kunahifadhi zaidi tupu, na asiyeweza na afunge, kwani saumu itamkata matamanio. Wengi wameijaribu dawa hii wakasema haikuwafaa, na nikiwasikiliza huona kwamba mara nyingi walifunga siku moja moja, wakalala mchana, kisha wakafuturu kwa mahamri, viazi karai, sambusa na pilau mpaka wakashindwa kusimama kwa isha. Tumbo la namna hiyo halivunji matamanio, bali linayalisha.

Funga Jumatatu na Alhamisi, na ukiweza zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na uendelee kwa miezi. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo urefu wa siku haubadiliki sana mwaka mzima na saumu yetu haikaribii ule urefu unaowapata ndugu zetu wa Ulaya wakati wa kiangazi. Futuru kwa tende na maji, swali maghribi, kisha ule chakula cha kawaida kama cha siku nyingine. Mchana wa saumu uende kazini na uishi kama ulivyozoea, kwa kuwa faida ya saumu iko katika kuizoeza nafsi kukataliwa jambo ambalo liko mbele yake na ambalo, siku nyingine, ni halali kwake.

Ndoa, na neno kwa wazazi

Saumu imewekwa kwa asiyeweza kuoa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana tunawausia vijana wajizuie huku sisi wenyewe tumeufunga mlango wa halali. Yuko kijana mwenye kazi ya halali na tabia njema ambaye posa yake imekubaliwa, lakini anaambiwa angoje miaka miwili mpaka zipatikane fedha za ukumbi, za mapambo, za sare za kina dada na za chakula cha watu mia kadhaa, ambao wengi wao hawajui hata jina lake. Mtume alipomwozesha swahaba aliyekuwa hana kitu, alimwambia atafute hata pete ya chuma. Alipoikosa, akamwozesha kwa kile alichokihifadhi katika Qurani. Sisemi kwamba harusi zetu ziachwe, kwa kuwa shangwe ya ndoa ni sunna na mila zetu zina uzuri wake. Nasema kwamba mzazi anayeichelewesha ndoa ya watu wawili waliokwisha kupendana na kukubaliana, kwa ajili ya ukumbi, ana sehemu ya jukumu katika yale yatakayotokea katika kungoja huko.

Kwa hiyo kijana asione haya kumweleza mzazi, au kumtuma ami au mjomba mwenye hekima, kwamba anataka kufungishwa nikaha msikitini na karamu ifanywe uwezo ukipatikana. Binti naye ana haki ya kumwambia mama yake kwamba anaridhia mahari nyepesi, kwa kuwa mahari ni haki yake yeye.

Saa ya mtihani inapofika

Pamoja na matayarisho yote, iko siku ambapo jambo litakukabili ana kwa ana. Hapo mtazame Nabii Yusuf alichofanya. Alisema maadhallah, najikinga kwa Mwenyezi Mungu, kisha Qurani inatuambia kwamba wote wawili waliukimbilia mlango, yeye akitaka kutoka na yule mwanamke akitaka kumzuia. Hakukaa kumpa mawaidha. Alikimbia, ingawa milango ilikuwa imefungwa na hakuwa na hakika kwamba itafunguka. Usiogope kuonekana mkosefu wa adabu: ondoka bila kuaga, acha chakula mezani, shuka kwenye gari, zima simu. Nenda penye watu. Ukifika, tia udhu, swali rakaa mbili, na uombe ile dua fupi aliyoipokea Muslim, Allahumma inni as'alukal-huda wat-tuqa wal-afafa wal-ghina, ambayo ndani yake unaomba uongofu, uchamungu, kujihifadhi na kutosheka. Ihifadhi leo, kwa sababu saa ya mtihani si saa ya kutafuta dua.

Na ikiwa mtu ameteleza

Atubu papo hapo. Wanazuoni wamezitaja sharti za toba: aiache dhambi, ajute, aazimie kutoirudia, na ikiwa ndani yake mna haki ya mwanadamu, airudishe. Akiteleza tena, atubu tena, wala asihesabu kwamba toba ya kwanza ilikuwa uongo, maadamu siku ile aliazimia kwa kweli. Asiache swala kwa kuona kwamba kuswali huku akitenda dhambi ni unafiki, kwa kuwa swala ndiyo inayokataza machafu na maovu, na anayeiacha amemkabidhi shetani ile silaha ya mwisho. Swahaba mmoja alimbusu mwanamke asiye halali yake, akaenda kwa Mtume akieleza, na ikateremka aya ya Sura Hud isemayo kwamba mema huyaondoa maovu. Alipouliza kama hilo ni lake peke yake, alijibiwa kwamba ni la umma wote.

Dhambi isisimuliwe, si barazani wala kwa mchumba wala katika simu ya rafiki, kwa maana Mtume amesema kwamba umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaoyadhihirisha maasia yao. Kumweleza sheikh kwa kutaka fatwa, au daktari kwa kutaka tiba, si kudhihirisha. Jambo hili la tiba ni muhimu: aliyefikiwa na heroini hawezi kuachwa na nasaha peke yake, na hapa Mombasa ziko kliniki zinazotoa methadoni chini ya uangalizi wa wauguzi, aliyefikiwa na kamari mpaka akauza vyombo vya nyumba naye anahitaji mshauri nasaha, pamoja na imamu wake. Kutafuta tiba ni katika kuzishika sababu, kama anavyofanya mwenye homa.

Iliyobaki ni haki za watu, ambayo wengi huipita. Uliyemwibia mrudishie, hata kwa njia isiyomjulisha kwamba ni wewe, maana kinachotakiwa ni haki imfikie. Akiwa amekufa, wape warithi wake. Akiwa hajulikani alipo na umemtafuta ukamkosa, toa kiasi hicho sadaka kwa niaba yake, nawe uweke nia kwamba akitokea siku yoyote utamlipa. Fedha uliyoivuna katika kamari na ingali mkononi usiitumie kwa chakula wala kwa karo ya watoto. Itoe kwa mafakiri au katika maslahi ya watu wote, bila kuitarajia thawabu ya sadaka, kwa kuwa unajisafisha na mali isiyokuwa yako. Kama kiasi ni kikubwa na umekwisha kukitumia, mwendee mwanachuoni wa fiqhi umweleze hesabu yote kama ilivyo, akupangie namna ya kukitoa kidogo kidogo bila kuwanyima wanaokutegemea.